Kila Jina na Chake

Rahma mwanangu,

Salamu ndiyo hodi ya barua, nami nimeshaipiga, basi nikaribishe nikae, maana miguu inaniuma. Wewe umeshalala. Begi lako liko hapa ukumbini mbele yangu, umelifunga, ukalifungua, ukalifunga tena, na mimi nilikuona nikanyamaza. Sitakwambia usisahau chaja wala usikae nje ya boti kwenye upepo. Shangazi yako wa Mbweni ameshakwambia hayo na mengine yasiyokuhusu. Neno moja tu la safari: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huko Bara watakucheka unavyosema, wewe cheka nao, yatapita.

Nakuandikia kwa sababu ya lile ulilosema juzi jikoni. Ulikuwa unachagua mchele, ukaliweka chini sinia ukasema, "Mama, mimi naghairi. Nani atamlisha bibi mimi nikishakwenda?"

"Nenda zako huko," nikakujibu. "Kabla hujazaliwa sisi tulikuwa hatuli?"

Ukacheka, ukarudi kwenye mchele wako. Mimi nilijua kwamba sijakujibu. Swali lile lilikuwa la kweli na nililipiga teke kama ninavyoyapiga mengi. Sasa nataka kukujibu, na itanibidi niandike hata unayoyajua, kwa sababu nikiyaandika ndiyo nayaona vizuri mwenyewe.

Bibi yako ananisahau. Nimeliandika. Alianza na vitu vidogo, akitafuta miwani aliyoivaa, tukawa tunamtania. Kisha akaanza kutusahau watu. Na asiyemjua hataki kitu chake. Amelelewa zamani zile ambazo mtoto akionywa kabla ya kutoka nje: usile cha mtu usiyemjua. Basi yote yamemtoka mama yangu, hilo halikumtoka. Nikiingia na sahani ananitazama kwa macho makali.

"Nani wewe? Nani kakutia humu ndani?"

"Mimi Zuwena, mama."

"Zuwena mtoto. Wewe mtu mzima na mvi zako, huoni haya? Toka na sahani yako."

Wewe ulikuwa ukikaa mlangoni unaogopa kucheka na unaogopa kulia. Mimi nilikuwa nikienda uani kufua nguo zilizokwisha fuliwa.

Sasa nirudi nyuma, wakati wewe ndiye uliyekuwa huwezi kukumbuka. Unajua kwamba nilikuwa nikisomesha watoto herufi za Kurani hapa hapa ukumbini. Watoto wa Mkunazini nzima wamepita mikononi mwangu, na mama zao wakinisifu. Wewe ndiye uliyenishinda. Ba, ta na tha kwako zilikuwa kitu kimoja. Kibakuli ni kile kile, alikuwa akisema bibi yako kwa kukutetea, nukta tu ndizo zinazohamahama. Mganga hajigangi, watu walikuwa wakisema, na walisema kwa sauti ya kunifikia. Mama za watoto wakija kuchukua wanao nilikuwa nakutuma jikoni ukalete maji ambayo hakuna aliyeyaomba, ili wasikusikie unasoma. Hilo linaniuma mpaka leo. Ulikuwa unaleta yale maji kwa adabu kabisa, mikono miwili.

Desturi yangu ilikuwa moja. Anayepatia anapata kipande cha halua, awe mtoto yeyote, iwe herufi yoyote. Sisi tumelelewa hivyo. Kitu kikiingia nyumbani kinakatwa sawasawa, na kisichokatika kinafichwa, kwa kuogopa jicho la mtoto kwa mwenzake. Mmoja akipewa kitu cha peke yake, watu wazima walikuwa wakisoma dua kwanza ndipo wapumue. Nilidhani huo ndio uadilifu, na katika kugawa chakula huenda ndio. Lakini wewe ulikuwa ukiiangalia sahani ya halua na kutaja herufi yoyote iliyokujia mdomoni. Ba ilileta halua, ta ilileta halua. Kwa nini uhangaike kuzitenga? Na ukikosea ilikuwa bakora, nayo pia ilikuwa ile ile kwa kila kosa.

Bibi yako hakukuchukua chumbani kwake kwa ujuzi wowote. Alikuchukua kwa sababu kelele zangu zilimchosha.

"Nipe mtoto huyo," alisema. "Utampasua masikio bure, na langu moja limeshaanza kuvuma."

Siku ya mwanzo alikuwa na kashata moja tu kwenye kopo lake. Ulipopatia ba akakupa. Ulipopatia ta akatia mkono koponi, hamna, akakupa ubuyu. Ulipofika kwenye tha hata ubuyu umekwisha, akavua bangili zake akakuvisha, ukatikisa mkono ukasikiliza zinavyolia. Ndiyo hivyo tu. Angekuwa na kashata nyingi siku ile, huenda mpaka leo ungekuwa unaleta maji.

Kesho yake amejaza kopo. Ukapatia ta, akakupa kashata, ukamrudishia.

"Hii ya ba, bibi."

Akaniita nije. Nilikuja na unga mikononi na hasira zangu kichwani. "Mama, unamhonga mtoto," nikamwambia.

"Nnamhonga nini? Hebu muulize mwenyewe."

Nikakuonyesha ta kwenye ubao. Ulitazama, ukasukuma ulimi kwenye shavu kama mtu mwenye kokwa ya ubuyu mdomoni, kisha ukasema, "Ta." Nikakuonyesha tha, ukaanza kukunja mkono ili bangili zisianguke, na bangili zenyewe hujazivaa, ukasema, "Tha." Kile kitu chake ndicho kilichokuja mwanzo, ndipo herufi ikafuata. Niliona kwa macho yangu. Nikarudi jikoni kwenye unga wangu.

Baadaye kashata zilikwisha, bangili zilirudi kwa mwenyewe, na herufi zikabaki. Ukasoma. Ukawapita watoto ambao mama zao walikuwa wakinipa pole. Mimi sikumwambia mama ahsante, wala sikubadilisha kitu pale ukumbini. Niliendelea kukata halua yangu sawasawa, na mtoto ambaye hakuweza nilimwita kichwa maji. Sasa hivi nikikutana nao Darajani, wanaume wenye ndevu, wananiamkia, "Shikamoo mwalimu," na mimi najiuliza huyu alikuwa akitaka nini siku zile ambacho sikumpa.

Bibi yako alipoanza kutukataa, ni wewe uliyekumbuka kopo. Mimi sikulikumbuka. Nilikuwa nikimfokea mama yangu kama nilivyokufokea wewe: "Mimi Zuwena! Zuwena!" Kana kwamba amekuwa kiziwi.

Na wewe pia ulianza vibaya, usijisahau. Ulianza na tende kwa kila jina. Mjomba wako Sule akaja kutoka Mkokotoni na kapu lake la samaki, ukauliza, "Huyu nani, bibi?" Akasema, "Sule." Tende. Akaingia jirani kuomba chumvi, ukauliza, "Na huyu?" "Sule." Akapita paka dirishani, bibi akamnyooshea kidole mwenyewe bila ya kuulizwa: "Sule." Akafungua kiganja asubiri tende yake. Sule wa kweli alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa siku nzuri ile, ingawa hakuna kilichofaa.

Ndipo ukagawa. Sule akapewa kahawa chungu, kikombe kidogo, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumpa bibi kahawa, hata mgeni. Wewe ukajichukulia mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini, unampaka mikononi, kidole kimoja kimoja, pole pole. Akikutaja unampaka. Asipokutaja humgombezi. Unamwambia, "Mimi Rahma, bibi," unakwenda zako, unarudi baadaye. Nilikuona siku nyingi unaingia na kutoka chumbani mle na chupa yako haikufunguliwa. Ramadhani ikaingia ikatoka. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba unapoteza wakati, na mara nyingine sikusema moyoni.

Kisha siku ile. Uliingia na sahani, hujafungua mdomo, bibi akanyoosha mikono yake yote miwili, viganja juu. Akaitazama mikono yake yenyewe, kama anayeiuliza imenyooka kwa ajili ya nani. Kisha akasema, "Rahma." Na akala. Akala wali wote, akaomba na ukoko.

Ulikuja mbio uani kuniambia. "Mama, na wewe chagua chako."

"Nichague nini?"

"Kitu chako mwenyewe, ambacho hapewi na mtu mwingine. Udi, halua, chochote unachotaka."

"Mimi nimetoka tumboni mwake, Rahma. Sitaki kujulikana kwa halua."

"Humnunui, mama. Unampa pa kushika."

Nikakwambia kwamba umeshaanza kiburi cha wasomi kabla hujaondoka. Nikakugeuzia mgongo. Kiburi kilikuwa changu, na wewe ulijua, ukanistahi. Nilitaka mama yangu anijue bure. Nilitaka siku moja ninyanyue pazia, aseme "Zuwena," kwa sababu mimi ni Zuwena na yeye ni mama, basi. Nimeingojea siku hiyo na sahani mkononi, na wali ukapoa. Ndiyo maana humu ndani kila jina lina chake isipokuwa langu.

Na ugonjwa huu wangu ni wa zamani. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuleta vitu. Akileta samaki nasema, "Weka hapo." Akileta khanga nasema, "Weka hapo." Mwaka mmoja kabla ya masika alipanda darini akaziba pale palipokuwa panatuvujia, akashuka na vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mbele yangu. Nikamwambia, "Haya." Alisimama kidogo, kisha akaenda kuoga. Alikuwa akinisoma usoni, maskini, na uso wangu ulikuwa na neno moja tu kwa kila kitu. Basi akaendelea kuleta khanga. Khanga zake sikuzipenda hata moja, alikuwa hana jicho la rangi. Nilichokipenda ni kwamba alikuwa akiamka kabla ya Alfajiri akanijazia ndoo za maji, nisiamke nikazikuta tupu. Nilikuwa nikizisikia zinajaa, nami kitandani, nikaona kwamba kuna mtu duniani ananifikiria. Hilo sikumwambia. Ikafika wakati akaacha, nadhani aliona halina maana kwangu. Na mimi, kwa kuwa sikuwahi kulitaja, sikuwa na pa kuanzia kulidai. Nimebaki na kasha zima la khanga.

Sikuusii, mwanangu. Utakwenda kusomea ualimu na watakufundisha kwa njia zao, na zitakuwa nzuri kuliko zangu. Nakwambia tu kilichonipata. Nimewaambia watu "vizuri" maisha yangu yote, "vizuri" moja kwa kila jambo, na hakuna aliyeondoka kwangu akijua vizuri ipi ilikuwa yake.

Na nimechoka. Nilikuwa nikilizunguka neno hili tangu nilipoanza kuandika. Sikulaumu wewe wala bibi yako wala Sule, ambaye anakuja anakunywa kahawa, anatajwa jina, anarudi kwao Mkokotoni amefurahi. Ukubwa jaa, kila uchafu unatupwa kwako nawe unyamaze. Nimechoka kufua, nimechoka kufukuzwa na mama yangu katika nyumba niliyozaliwa, na nimechoka kujifanya siiogopi kesho. Nilikuwa nikiiogopa sana. Uliposema kwamba unaghairi, kuna sehemu yangu iliyotaka kusema, "Ghairi basi, kaa." Nilikutukana haraka ili sehemu hiyo isiwahi.

Leo alasiri ulipokwenda Mbweni kumuaga shangazi yako tulibaki sisi wawili. Nilimpikia wali wa nazi na mchuzi wa samaki, kama unavyompikia, nikapunguza pilipili. Akanitoa.

"We mwanamke hunisikii? Nshakwambia toka."

Nikatoka. Nikakaa kizingitini na sahani mapajani, nikasema, haya, ndivyo itakavyokuwa. Basi akaanza kuita.

"Rahma! Rahma wee!"

"Rahma katoka, mama. Atarudi."

Hakunisikia, au alisikia sauti ya yule mwanamke. Akaita tena, na tena, mpaka kuita kukawa kilio. Unajua anavyolia siku hizi, bila ya machozi, mdomo wazi. Sikuweza. Niliweka sahani chini nikasema, "Naam, bibi."

Akanyamaza.

Nikaingia. Nikachukua chupa yako dirishani, nikakaa pale unapokaa wewe, nikaanza na kidole cha mwisho kama unavyoanza. Alinitazama. Uso haukuwa wako, na nadhani aliliona hilo, maana alikunja paji la uso. Lakini mikono yake ilikuwa imeshanyooka. Nilipofika kwenye kidole gumba akapumua.

"Rahma," akasema, na hakuwa anauliza.

"Naam, bibi."

Akala. Alimaliza sahani nzima mkononi mwangu, kwa jina lako.

Najua utakasirika. Ulituambia kwamba mtu asiguse cha mwenzake, kitachanganyika. Nami nimekigusa, na kesho utakapokuwa baharini nitakigusa tena, na kesho kutwa. Ukija likizo huenda akakuangalia wewe kama mgeni na akaninyooshea mikono mimi. Nimeliwaza jambo hilo jioni nzima na linanitia uchungu kwa niaba yako. Lakini atakula, Rahma. Na jina lako litatajwa humu ndani kila siku, asubuhi na jioni, nami nitaitika. Mimi niliyekataa kujulikana kwa halua nimekubali kujulikana kwa jina la mwanangu. Hilo ndilo jibu la swali lako. Nani atamlisha bibi? Mimi.

Kuna moja limebaki, na nusura nisikwambie.

Alipokwisha kula nilikuwa bado nimemshika mkono. Akanivuta, akaangalia mlangoni kama kwamba kuna mtu anasikiliza, akasema kwa sauti ya chini, "Rahma, mama yako yuko wapi?"

Nikamuuliza, "Nani, bibi?"

"Zuwena."

"Yupo jikoni," nikasema.

"Mwambie akalale. Kachoka yule, nnamuona. Hasemi tu. Tangu mdogo hasemi."

Jina hilo hakuna aliyewahi kumpa kitu kwa kulitaja. Hakuna kahawa yake, hakuna mafuta yake. Mimi mwenyewe nilikataa. Na alikuwa nalo, na si la yule mtoto wa zamani, ni langu, mimi mwenye mvi ninayefukuzwa. Uso wangu tu ndio asiojua auweke wapi.

Nikajilaza pale pale kwenye mkeka, kichwa ubavuni mwake. Uliporudi ulifungua mlango ukatuona, ukaufunga tena kwa uangalifu, ukidhani sote tumelala. Mimi nilikuwa macho. Nilikuwa nalia, na sijapumzika namna ile kwa muda mrefu.

Basi nenda, mwanangu. Usighairi na usigeuke nyuma kuniangalia pale bandarini, maana tutaharibikiwa sote wawili. Mungu akutangulie. Mimi mama yangu ameniambia nikalale, na leo nitamsikia.

Mama yako,
Zuwena